Serikali Inapofunga Mkanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Biashara Ndogo na Ajira

Kila bajeti ya kubana matumizi inapotangazwa, wenye maduka, mafundi, wazabuni wadogo na wafanyakazi huuliza maswali yaleyale. Majibu yaliyo hapa chini yanatokana na yaliyoonekana katika nchi zilizopita njia hiyo. Msimamo wa mwandishi ni huu: hatima ya duka haiamuliwi na ukubwa wa fedha zilizokatwa pekee. Inaamuliwa zaidi na mahali zilipokatwa, wakati zilipokatwa, na nani aliyeachwa bila kulipwa.

Kubana matumizi ni nini hasa?

Ni hatua za serikali za kupunguza pengo kati ya inachokusanya na inachotumia. Inaweza kukata matumizi, kuongeza kodi, au kufanya yote mawili. Mtaani hatua hizo huonekana kama ajira mpya zilizositishwa, mishahara isiyopanda huku bei zikipanda, ruzuku ya halmashauri iliyopungua, barabara iliyoachwa nusu, semina zilizofutwa, na ada mpya kwenye huduma zilizokuwa bure au nafuu.

Kwa nini serikali hufika huko?

Mara nyingi ni kwa sababu wakopeshaji wamesita na riba imepaa, au mkopo wa kuokoa jahazi umekuja na masharti. Ugiriki ilifika hapo Mei 2010. Nchi nyingi za Afrika zilipita huko miaka ya 1980 na 1990 chini ya mipango ya marekebisho ya uchumi ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia. Tanzania ilikubaliana na IMF mwaka 1986. Kuna pia serikali zinazochagua zenyewe, kama Uingereza mwaka 2010. Aliyechagua mwenyewe ana nafasi ya kupanga kasi na mpangilio, wakati aliyeishiwa fedha hana nafasi kubwa ya kupanga. Ndiyo maana serikali iliyochagua haiwezi kujitetea kwamba haikuwa na jinsi.

Mimi siiuzii serikali chochote. Kwa nini nijali?

Kwa sababu wateja wako wanalipwa na serikali, au wanalipwa na watu wanaolipwa na serikali. Mwalimu, nesi, karani wa mahakama na mlinzi wa ofisi ya umma ndio wanaonunua sabuni, wanaoshonesha nguo, wanaopanga vyumba na wanaolipa ada ya shule binafsi. Mshahara ukisimama huku bei zikipanda, cha kwanza kuahirishwa ni kile kinachoweza kusubiri: samani, simu mpya, saluni, matengenezo ya gari, chakula cha mgahawani. Fundi seremala huona mabadiliko kabla ya muuza unga.

Tuchukue hesabu rahisi. Tuseme mishahara yenye thamani ya 100 imeondoka katika mji mmoja, na kila anayepokea pesa huwa anatumia 60 kati ya kila 100 hapohapo mjini. Mauzo ya kwanza yanayopotea ni 60. Wafanyabiashara waliopoteza hiyo 60 nao wanapunguza manunuzi kwa 36, wanaofuata kwa karibu 22, na kuendelea. Ukijumlisha mzunguko mzima, pamoja na ile 100 ya mwanzo, kipato kilichotoweka mjini kinakaribia 250. Kama wakazi wanatumia 30 tu mjini na nyingine zinaishia kwenye bidhaa za nje, jumla ni kama 143. Kwa hiyo mji ambao watu wake wananunuliana wenyewe kwa wenyewe, ambao kwa kawaida tunausifu, ndio unaoumia zaidi mishahara inapokatwa.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini miji midogo ya kiutawala hupata tabu. Mji wenye viwanda, bandari au watalii una milango mingine ya kuingizia pesa. Mji ulioishi kwa ofisi za wilaya, chuo na hospitali ya rufaa una mlango mmoja.

Biashara zipi huguswa kwanza?

Wakandarasi wadogo wa ujenzi hutangulia, kwa kuwa miradi ya maendeleo ni rahisi kuahirisha kuliko mishahara. Mradi haugomi wala haupigi kura. Wanafuata wenye kumbi za mikutano na hoteli zinazotegemea semina, wachapishaji, wauza vifaa vya ofisi, wapishi wa shughuli, kampuni za usafi na ulinzi, na gereji zinazotengeneza magari ya serikali. Nyuma yao wanakuja wanaowahudumia wote hao kwa rejareja.

Kwa nini malipo ya wazabuni huchelewa zaidi wakati huu?

Hili ndilo swali ambalo mwandishi angependa wasomaji wakae nalo.

Serikali inapotaka kuonyesha nakisi ndogo, yaani pengo dogo kati ya mapato na matumizi, kukata bajeti waziwazi kuna gharama ya kisiasa. Kuchelewesha ankara hakuna. Katika vitabu vinavyohesabu fedha taslimu peke yake, ankara isiyolipwa haionekani kama matumizi. Bidhaa zimepokelewa, viti viko darasani, dawa zimetumika, ila kwenye taarifa ya mwaka inaonekana serikali imejibana. Ukweli ni kwamba imekopa kwa mfanyabiashara bila kumwomba ridhaa, na mara nyingi bila riba.

Angalia inavyokuwa kwa mzabuni mmoja. Ameshinda zabuni ya samani za shule yenye thamani ya 100. Mbao, rangi, vibarua na usafiri vimemgharimu 80, na fedha hizo amezikopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Akilipwa baada ya mwezi mmoja, riba ni 1.6 na faida yake inabaki 18.4. Akilipwa baada ya miezi kumi, riba imefika 16 na amebaki na 4. Ikifika mwaka, faida ni chini ya 1. Miezi kumi na minne ikipita amekula hasara, na hapo bado hatujagusa kodi. Katika nchi nyingi kodi ya ongezeko la thamani (VAT) hudaiwa kuanzia siku ankara ilipotolewa, siyo siku fedha ilipoingia. Mzabuni anaidai serikali 100, na wakati huohuo mamlaka ya kodi ya serikali hiyohiyo inamdai VAT ya fedha ambayo hajaiona, pamoja na adhabu akichelewa.

Kinachofuata kinajulikana. Anaacha kumlipa muuza mbao aliyempa mali kauli. Vibarua wanaambiwa warudi wiki ijayo. Benki inaandika mkopo wake kama mkopo chechefu, yaani usiolipika kwa wakati, na mwombaji mwingine mwenye biashara safi anakataliwa mkopo kwa sababu benki imeogopa.

Hispania ilifika pabaya kwa njia hii. Baada ya mgogoro wa 2008, manispaa na serikali za majimbo zililimbikiza ankara hadi mwaka 2012 serikali kuu ilipolazimika kutengeneza utaratibu maalumu wa mikopo wa kuwalipa wazabuni, na takriban euro bilioni 27 zikalipwa katika awamu ya kwanza. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshapitisha sheria mwaka 2011 inayozitaka taasisi za umma kulipa ndani ya siku 30, au siku 60 katika hali za pekee kama hospitali, na kulipa riba zikichelewa. Sheria peke yake haikuwalipa watu wote kwa wakati, ila ilimpa mzabuni haki ya kudai riba, na hilo ni jambo kubwa.

Wanaopunguzwa serikalini si watachukuliwa na sekta binafsi?

Inawezekana, ikiwa sekta binafsi inakua wakati huohuo. Kanada ndiyo mfano unaotajwa sana. Bajeti ya 1995 ya waziri wa fedha Paul Martin ilipanga kupunguza nafasi 45,000 katika utumishi wa serikali kuu, na ndani ya miaka michache nchi ikawa na ziada ya bajeti. Lakini jirani yake mkubwa, Marekani, alikuwa kwenye ukuaji wa kasi, riba zilikuwa zinashuka, na dola ya Kanada ilikuwa dhaifu kiasi cha kurahisisha mauzo ya nje. Kampuni zilikuwa zinatafuta watu.

Ugiriki haikuwa na chochote kati ya hivyo. Ilitumia euro, hivyo haikuweza kushusha thamani ya fedha yake, na majirani zake nao walikuwa wanabana. Pato lake lilisinyaa kwa takriban robo, na ukosefu wa ajira ukavuka asilimia 27 mwaka 2013. Kima cha chini cha mshahara kilikatwa kwa asilimia 22 mwaka 2012, na kwa asilimia 32 kwa vijana wa chini ya miaka 25, kwa matumaini kwamba vibarua wa bei nafuu wangeajiriwa kwa wingi. Mwajiri asiye na wateja haajiri hata kama mshahara umeshuka.

Latvia nayo ilikata kwa nguvu mwaka 2009. Uchumi ulianguka kwa takriban asilimia 14 mwaka huo na ukosefu wa ajira ukafika karibu asilimia 20, kisha ukuaji ukarudi. Wanaoisifu husahau kutaja ndege na mabasi: watu wengi wa umri wa kufanya kazi walihama kwenda nchi nyingine za Ulaya. Aliyehama hahesabiwi tena kama asiye na kazi, na pia hanunui tena kwenye duka la mtaani kwake.

Uingereza ilibana na ajira zikaongezeka. Hiyo haithibitishi kwamba kubana hakuui kazi?

Ni kweli idadi ya walioajiriwa Uingereza ilikua katika muongo ule, na si haki kulificha hilo. Yapo mawili ya kuangalia. La kwanza, mishahara baada ya kuondoa mfumuko wa bei ilikaa chini ya kiwango cha 2008 kwa takriban muongo mzima; kazi zilikuwepo, nyingi zikiwa za saa chache, za mkataba usiotabirika au za kujiajiri kwa kipato kidogo. La pili, maumivu hayakugawanywa sawasawa. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya nchi hiyo ilionyesha kwamba fedha za serikali kuu kwa serikali za mitaa zilipungua kwa takriban nusu, kwa thamani halisi, kati ya 2010/11 na 2017/18. Halmashauri za maeneo maskini, zilizotegemea ruzuku zaidi kwa kuwa makusanyo yao ni madogo, ndizo zilizokatwa zaidi. Wastani wa taifa unaweza kupendeza huku mji mmoja ukifunga maktaba, vituo vya vijana na nusu ya njia za basi. Njia ya basi ikifungwa, kibarua asiye na gari hafiki kazini na mteja hafiki sokoni.

Serikali imesema haitamfukuza mtu. Je, ajira ziko salama?

Waliomo wako salama kidogo. Walioko nje ndio wanaolipa. Ajira zikisitishwa, anayestaafu habadilishwi, na mzigo wake wanagawiwa waliobaki. Mhitimu wa ualimu au uuguzi anakaa nyumbani miaka mitatu, minne, ujuzi unachakaa. Mikataba ya muda haihuishwi, na kwa kuwa hilo si kufukuzwa, halionekani kwenye takwimu za kupunguzwa kazi. Wanawake huguswa mara mbili: ndio wengi kwenye ualimu, uuguzi na huduma za jamii katika nchi nyingi, na huduma ya kulea watoto au kutunza wagonjwa ikikatwa, kazi hiyo hurudi nyumbani kwao bila malipo.

Na ongezeko la VAT?

Mwenye duka hubaki na njia mbili: apandishe bei apoteze wateja, au ameze kodi apoteze faida. Maduka makubwa yanaweza kumbana msambazaji ashushe bei. Duka dogo haliwezi. Ugiriki ilipandisha VAT ya migahawa hadi asilimia 23 mwezi Septemba 2011, wateja wakiwa tayari wamekatwa mishahara na pensheni. Agosti 2013 ikairudisha hadi asilimia 13. Kati ya tarehe hizo mbili kuna migahawa iliyofungwa na haikurudi kufunguliwa.

Lakini serikali ikikopa kidogo, si riba inashuka na sisi tunapata mikopo?

Hoja hii ina ukweli ndani yake na haipaswi kupuuzwa. Benki ikiwa inaweza kununua hati fungani za serikali kwa riba nono bila jasho, haina hamu ya kumkopesha mwenye duka. Serikali ikipunguza kukopa ndani, fedha zinaweza kugeukia biashara.

Kuna masharti mawili. Lazima kuwe na biashara zinazotaka kukopa, na hakuna anayekopa kupanua duka ambalo wateja wake wameishiwa. Tena lazima serikali iwe imepunguza matumizi kweli, isiwe imehamisha deni kutoka benki kwenda kwa wazabuni, maana mzabuni asiyelipwa ndiye anayeichafua benki. Mahali ambapo malimbikizo ya ankara zisizolipwa yanakua, mwandishi haoni sababu ya kutegemea riba nafuu kwa biashara ndogo, hata kama riba ya serikali imeshuka.

Angalau deni la taifa linapungua?

Deni hupimwa dhidi ya pato la taifa. Ukikata kiasi kwamba pato linaporomoka, uwiano unaweza kupanda hata kama umekopa kidogo. Ugiriki ilikuwa na deni la takriban asilimia 127 ya pato mwaka 2009. Mwaka 2014 lilikuwa karibu asilimia 180, ingawa wakopeshaji binafsi walikuwa wamesamehe sehemu kubwa mwaka 2012.

IMF wenyewe waliliangalia upya suala hili. Mwaka 2012 walieleza kwamba makadirio yaliyotumika yalichukulia kila kitengo kimoja cha fedha kilichokatwa kingepunguza pato kwa takriban nusu ya kitengo. Hali halisi tangu mgogoro wa 2008 ilionekana kuwa kati ya 0.9 na 1.7. Mchumi wao mkuu, Olivier Blanchard, na mwenzake Daniel Leigh walichapisha uchambuzi wa makosa hayo ya utabiri Januari 2013. Kwa lugha ya mtaani, waliopanga makato walidhani mteja angepunguza kidogo, kumbe alipunguza mara mbili au tatu ya walivyofikiri.

Kwa hiyo kuna kubana kuzuri?

Kupo. Kufuta misamaha ya kodi isiyo na tija, kuziba mianya ya manunuzi yenye bei za kupachika, kuondoa mishahara hewa, kupunguza safari na magari ya kifahari: haya yanaokoa fedha bila kunyang'anya mji wateja wengi. Shida ni kwamba mara nyingi hayatoshi kufunika pengo, na ni magumu kisiasa kwa sababu wanaofaidika nayo wana sauti. Ndipo kisu kinapohamia kwenye matengenezo ya barabara na mikataba ya muda.

Wakati pia ni muhimu. Kata uchumi ukiwa na nguvu na riba zikiwa chini, watu watapata pa kwenda. Kata uchumi ukiwa umelala na kila jirani anakata, hakuna wa kununua kutoka kwa mwenzake.

Naiuzia serikali. Nijilinde vipi?

Usianze kazi kwa neno la mdomo, hata kama aliyekupigia simu ni mkuu wa idara unayemfahamu miaka mingi. Subiri LPO (hati rasmi ya agizo la manunuzi) iliyosainiwa, na uliza kama fungu la bajeti lipo na lina fedha. Afisa manunuzi mwaminifu atakuambia. Ukikabidhi mzigo, ondoka na hati ya mapokezi yenye jina, saini, muhuri na tarehe. Peleka ankara siku hiyohiyo na ugongewe muhuri kwenye nakala yako.

Kila mwisho wa mwaka wa fedha andika barua ya kuorodhesha ankara zisizolipwa, uombe uthibitisho wa maandishi. Hili wengi hulipuuza. Serikali inapokuja kulipa malimbikizo huanza na uhakiki, na ankara isiyo na LPO au hati ya mapokezi hutupwa nje ya orodha, hasa kama maafisa waliopokea mzigo wameshahamishwa.

Kuhusu kiasi, zabuni za serikali zisizidi theluthi ya mauzo yako katika kipindi hiki, kama unaweza. Weka gharama ya kuchelewa ndani ya bei yako tangu mwanzo. Uliza benki kama inanunua ankara kwa punguzo, na uulize mamlaka ya kodi kama kuna utaratibu wa kulipa VAT baada ya kupokea fedha. Baadhi ya nchi zinao kwa biashara ndogo, na wenye haki nao wengi hawajui.

Nina duka la kawaida tu. Na mimi je?

Punguza bidhaa zinazokaa muda mrefu, ongeza zinazotoka kila siku na vipimo vidogo. Kuwa mwangalifu na daftari la madeni: mteja mwaminifu aliyekatwa kipato bado ni mwaminifu, ila hana. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu pango kabla hujachelewa, maana chumba kitupu hakimfai naye. Ukilazimika kupunguza gharama, punguza saa za kazi kwa wote kabla ya kumwondoa mmoja. Ukimpoteza msaidizi anayejua wateja kwa majina, utamtafuta sana hali ikitengemaa.

Mimi ni mfanyakazi wa mkataba serikalini. Niangalie nini?

Hakiki michango yako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii sasa hivi, usingoje mkataba uishe. Mwajiri aliyebanwa huona rahisi kukata fedha kwenye mshahara na kuchelewa kuziwasilisha. Omba barua ya utumishi na nakala za mikataba yako yote. Soma kifungu cha notisi na kiinua mgongo.

Serikali ikilegeza, nafuu hufika lini mtaani?

Inategemea imelegeza wapi. Malimbikizo yakilipwa, pesa huonekana haraka, kwa sababu mzabuni ana watu wanaomsubiri mlangoni. Mishahara ikirudishwa, huonekana miezi michache baadaye. Watu hulipa madeni kwanza. Ureno ilirudisha kwa hatua, kila robo mwaka ndani ya 2016, mishahara ya watumishi wa umma iliyokuwa imekatwa, na nakisi ya mwaka huo ikawa takriban asilimia 2 ya pato la taifa, ndogo kuliko zote tangu demokrasia irudi mwaka 1974. Uchumi wa Ulaya ulikuwa unapanda na watalii walikuwa wengi, hivyo sifa zote haziendi kwenye mishahara, lakini hofu kwamba kurudisha vipato kungelipua bajeti haikutimia.

Miradi ya ujenzi ndiyo huchelewa zaidi. Zabuni lazima itangazwe upya, bei zimebadilika, na mkandarasi aliyekuwepo huenda ameshauza mitambo yake. Ndiyo sababu anayepanga kulegeza aanze na ankara za zamani, kuanzia za wazabuni wadogo.